Unyevu

unyevu nm [u-] 1 hali ya kuwa na majimaji. 2 kiasi cha mvuke wa maji uliomo katika hewa au gesi.

Matumizi ya kitabibu. Mtu apumuapo kwa pua, hewa hupata joto na unyevu njiani, hata ifikapo mapafuni huwa na nyuzijoto 37 na miligramu 44 hivi za maji kwa kila lita. Mgonjwa aliye katika nusukaputi, aliyepitishiwa mrija hadi ndani ya koo la pumzi, hukosa huduma hiyo ya pua. Na gesi za mtungini ni kavu. Pasipo unyevu, ute huwa mzito na huweza kuziba mrija, na mwili hupoteza joto. Kwa hiyo gesi *hutiwa unyevu*: ama kwa kichujio kinachonasa mvuke wa pumzi itokayo na kuurudisha katika pumzi iingiayo, ama kwa kuipitisha gesi juu ya maji yaliyopashwa moto.

Tofautisha:

*tia unyevu / lowesha.* Kinacholowa kimeshika maji. Hewa yenye unyevu imebeba mvuke usioonekana. Tofauti hii si ya lugha tu. Kichujio kilicholowa huzuia pumzi, hivyo agizo la "kulowesha kichujio" laweza kumdhuru mgonjwa.

*unyevu / rutuba.* Asili ya *rutuba* ni neno la Kiarabu lenye maana ya unyevu, na maana hiyo imo katika kamusi za zamani. Leo msomaji huelewa ubora wa udongo. Usiandike "gesi yenye rutuba".

*tia unyevu / fukiza.* Hufukizwa mtu, kwa moshi au mvuke wa dawa. Gesi haifukizwi.

Tanbihi. Asilimia ya unyevu haina maana kamili bila joto kutajwa. Gesi iliyoshiba mvuke katika nyuzijoto 20 ina miligramu 17 hivi kwa lita. Ikipata joto la mwili, unyevu wake hushuka hadi asilimia 40 hivi. Mwenye kuandika "unyevu asilimia 100" na kunyamaza hajasema kama mgonjwa anapata maji ya kutosha.

Mfano: *Kabla ya upasuaji mrefu, muuguzi alihakikisha kuwa gesi inatiwa joto na unyevu.*

Taz. pia mvuke, nusukaputi, ute.