Jaribio la kutaja maneno

Jaribio la kutaja maneno ni kipimo kifupi cha uwezo wa ubongo kutafuta maneno. Mtu hupewa dakika moja ataje wanyama wote anaowakumbuka. Jina lililorudiwa halihesabiwi. Aina nyingine hutaka maneno yanayoanza na herufi fulani. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikuu cha dimenshia (kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, hasa uzeeni), kutaja wanyama kwa kawaida huathirika zaidi kuliko herufi.

Aina ya herufi haiwafai wazee wengi wa Afrika Mashariki. Asiyesoma hajui herufi, na katika Kiswahili viambishi vya ngeli hufanya majina mengi mno yaanze na m au k. Wanyama hawahitaji shule: mzee wa Mombo anaweza kuanza na ng'ombe na mbuzi, kisha nyani na tumbili wa milima ya Usambara.

Mwaka 2010 wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walipimwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Dimenshia ilikadiriwa kuwapata asilimia 6.4. Baadaye kipimo cha IDEA kilitungwa hukohuko. Ndani yake mna kutaja wanyama, kukumbuka maneno na kupanga njiti za kiberiti, bila kalamu wala karatasi.

Alama ndogo peke yake haithibitishi ugonjwa, kwani uziwi, sonona na elimu ndogo huzipunguza pia. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku chache tu, huenda ana maambukizi yanayotibika, naye apelekwe hospitali mapema badala ya kuambiwa ni uzee.