Taji la Sataranji na Mfuko wa Fedha

Mchezo wa bao mnaujua. Watu wawili huketi chini ya mwembe, watazamaji huwazunguka, na mchezo ukiisha kila mtu ajua nani ameshinda. Mshindi hapewi hati wala taji. Sifa yake hukaa vinywani mwa watu, na kesho akifungwa, sifa hiyo humwacha ikaenda kwa mwingine. Lakini mchezo utokapo kijijini ukaenea duniani, huzuka maswali mawili ambayo chini ya mwembe hayakuwapo. La kwanza, ni nani mwenye haki ya kusema, Huyu ndiye bingwa wa wote? La pili, ni nani atakayelipa nauli, chakula na tuzo? Leo nataka kuwasimulieni jinsi maswali hayo yalivyousumbua mchezo wa sataranji kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja.

Sataranji ni mchezo wa kale. Ulianza Bara Hindi, ukaitwa chaturanga, maana yake jeshi lenye sehemu nne. Waajemi wakaupokea, Waarabu wakaupata kwa Waajemi, na jina lile lile, likibadilika kidogo kidogo, likatufikia na sisi. Ubao wake una miraba 64, na kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili na askari wanane. Hakuna dadu, wala bahati haina nafasi kubwa. Ukimzingira mfalme wa mwenzako asiwe na pa kukimbilia, umeshinda.

Shindano linalohesabiwa kuwa la kwanza la kutafuta bingwa wa dunia lilifanyika Marekani mwaka 1886, katika miji ya New York, St. Louis na New Orleans. Walioshindana ni Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague, na Johannes Zukertort. Hapakuwa na baraza lililowaita. Wenyewe waliandika mkataba, na kila upande ukaweka dola 2,000, mshindi azichukue zote. Steinitz akashinda, akajiita bingwa, na watu wakakubali. Basi tangu siku ile taji likawa kama shamba la mtu: mwenye nalo ndiye aliyeamua nani aingie, lini aingie, na kwa ada gani. Wala lilikuwa shamba lisilomlisha mwenyewe sikuzote, maana Steinitz alikufa New York mwaka 1900 katika umaskini.

Emanuel Lasker, Mjerumani, alimnyang'anya Steinitz taji mwaka 1894, akakaa nalo miaka 27. Yeye alikuwa ameona mwisho wa mabingwa maskini, kwa hiyo alidai malipo makubwa kila alipotakiwa kucheza. Wengi walimlaumu, lakini tusifanye haraka kumhukumu. Mfanya kazi astahili ujira wake. Mwaka 1921 akaenda Havana, mji mkuu wa Kuba, kucheza na kijana wa nchi ile, José Raúl Capablanca. Fedha zilizotengwa zilikuwa dola 20,000. Lasker akashindwa, na taji likaenda kwa Capablanca.

Hapa ndipo panapoanza kisa chenye mafundisho. Mwaka 1922 wachezaji wakubwa walikutana London, na Capablanca akawawekea kanuni, nao wakazitia sahihi. Mojawapo ya kanuni hizo ilisema kwamba bingwa halazimiki kucheza ila mshindani wake alete fungu la fedha lisilopungua dola 10,000. Katika fungu hilo bingwa achukue kwanza sehemu yake, sehemu moja katika tano, kisha salio ligawanywe, mshindi apate zaidi na mshinde apate pungufu. Kwa namna moja kanuni hizi zilikuwa njema, kwa kuwa sasa kila mtu aliijua bei ya mlango. Lakini ilikuwa bei kubwa mno. Akiba Rubinstein alikuwa na akili ya kumpiga mtu ye yote ubaoni, ila fedha hakuzipata. Aron Nimzowitsch naye vivyo hivyo. Mlango uliwekwa wazi, lakini kizingiti chake kilikuwa cha dhahabu.

Aliyeweza kukivuka ni Alexander Alekhine, Mrusi aliyehamia Ufaransa. Watu wa Argentina walimchangia fedha, na mwaka 1927 mashindano yakafanyika Buenos Aires. Walicheza michezo 34. 25 ikaisha sare, Alekhine akashinda 6 na Capablanca 3. Ulimwengu ukastaajabu, kwa maana Capablanca hakudhaniwa kuwa mtu wa kushindwa.

Capablanca akataka marudio. Alekhine akamjibu kwa kanuni za Capablanca mwenyewe: leta dola 10,000. Mwaka 1929 biashara ikaanguka Marekani, na matajiri wa jana wakawa hawana cha kutoa. Barua zikaenda na kurudi, miaka ikapita. Alekhine akacheza na Efim Bogoljubov mara mbili, mwaka 1929 na mwaka 1934. Kwa Capablanca hakurudi. Naye Capablanca alikufa New York mwaka 1942 bila kupata tena nafasi ya kulitafuta taji lake. Wahenga walisema, Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kizingiti alichokijenga ili kuwazuia wengine ndicho kilichomfungia yeye nje.

Kati ya watu hawa wa fedha na mikataba alitokea mtu wa namna nyingine, na sisi walimu twamkumbuka kwa furaha. Jina lake ni Max Euwe, Mholanzi, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana mjini Amsterdam. Mwaka 1935 alimshinda Alekhine kwa pointi moja tu. Angeweza kulishika taji na kuweka masharti magumu kama waliomtangulia. Lakini alikuwa amekubali kumpa Alekhine marudio, na mwaka 1937 akayatimiza. Akashindwa, akaliacha taji, akaendelea na maisha yake. Ahadi ni deni, naye alililipa.

Wakati huo wote kulikuwa na chama kilichotamani kuwa mlinzi wa mchezo huu. Kilianzishwa Paris tarehe 20 Julai 1924 na wajumbe wa nchi 15, kikaitwa kwa herufi za Kifaransa FIDE, yaani shirikisho la sataranji la mataifa yote. Rais wake wa kwanza alikuwa Mholanzi, Alexander Rueb, na wito wake ni maneno ya Kilatini yenye maana kwamba sisi sote ni watu wamoja. Maneno mazuri, lakini chama hakikuwa na mamlaka juu ya taji, maana taji lilikuwa mali ya bingwa.

Nafasi ilipatikana kwa mauti. Mwezi wa Machi 1946 Alekhine alikufa Ureno akiwa bado bingwa. Taji likabaki bila mtu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mwenyewe wa kudai bei. Chama kikakata shauri. Mwaka 1948 wachezaji watano walikutanishwa The Hague na Moscow, nao ni Botvinnik, Smyslov, Keres, Reshevsky, na yule mwalimu wetu Euwe. Mikhail Botvinnik wa Urusi akashinda. Tangu hapo ikawekwa taratibu: mtu akishinda katika mashindano ya mchujo atacheza na bingwa, awe tajiri au maskini. Hili lilikuwa jambo kubwa. Kizingiti cha dhahabu kiliondolewa, kikawekwa kizingiti cha uwezo.

Je, fedha zilikaa kimya? La. Mwaka 1972 bingwa Boris Spassky wa Urusi alikuwa acheze na Bobby Fischer wa Marekani huko Reykjavik, katika kisiwa cha Iceland. Tuzo ilikuwa dola 125,000. Siku ya kuanza ikafika, Spassky yupo, Fischer hayupo. Anataka fedha zaidi. Rais wa chama wakati huo alikuwa Euwe yule yule. Kwa kanuni ilimpasa kumtoa Fischer. Lakini aliahirisha mchezo. Ndipo tajiri mmoja wa London, Jim Slater, akaongeza dola 125,000 nyingine kutoka mfukoni mwake, na Fischer akaja. Penye udhia penyeza rupia. Fischer akashinda, na sataranji ikatangaa duniani kuliko wakati wo wote. Warusi waliteta, na Euwe akakiri kwa maandishi kwamba kanuni zilikuwa zimevunjwa. Twaweza kumlaumu, lakini angalau hakuificha kweli. Nao wachezaji walijifunza jambo moja: mfuko wa tajiri waweza kuwa na nguvu kuliko kitabu cha kanuni.

Matunda ya somo hilo yalionekana mwaka 1993. Bingwa Garry Kasparov na mshindani wake Nigel Short, Mwingereza, walilalamika kwamba chama kilikubali fedha za mji wa Manchester bila kuwauliza wao. Wakajitoa, wakaunda chama chao, wakacheza London kwa fedha za gazeti la The Times, pauni milioni 1.7. FIDE ikamvua Kasparov ubingwa, ikawaita Karpov na Timman wacheze, na Karpov akatawazwa. Sasa dunia ilikuwa na mabingwa wawili, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Chama kipya kilipata msaada wa kampuni kubwa ya Marekani, Intel. Lakini baada ya mashindano ya mwaka 1995 kampuni ile iliondoka, na chama kikanyauka kama mmea uliokatwa mzizi. Mfanya biashara haapi kiapo cha kudumu; faida yake ikiisha, huenda zake. Ufa ule ulikaa miaka 13, ukazibwa mwaka 2006 mjini Elista, Vladimir Kramnik alipomshinda Veselin Topalov.

Lakini hatari nyingine ilikuwa ndani ya nyumba. Mwaka 1995 FIDE ilikuwa na dhiki, ikamchagua kuwa rais Kirsan Ilyumzhinov, mfanya biashara na mtawala wa Kalmykia katika Urusi. Yeye alikuja na fedha, na wenye dhiki hawakuuliza sana. Akatawala miaka 23. Mwezi wa Novemba 2015 serikali ya Marekani ikamwekea vikwazo, ikimshtaki kuwa amesaidia serikali ya Syria, yeye akakana. Mwaka 2018 benki ya chama huko Uswisi ikafunga hesabu yake. Tazameni: chama cha mataifa yote kilikosa hata mahali pa kuweka akiba, kwa sababu ya jina la mtu mmoja. Mwaka ule ule wajumbe wakamchagua Arkady Dvorkovich, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Urusi. Basi hata hapo hawakuenda mbali na milango ya wenye nguvu.

Tusiseme kwamba fedha ni adui. Mwezi wa Desemba 2024 huko Singapore, kijana wa Kihindi, Gukesh Dommaraju, mwenye miaka 18, alitwaa taji katika shindano lenye tuzo ya dola milioni 2.5, na kampuni ya Google ilikuwa mdhamini. Baba na mama yake walijinyima ili asafiri na kujifunza. Katika siku za kanuni za London kijana kama huyo angalikuwa na akili zake zote na asipate hata kuketi mbele ya bingwa. Fedha zilimlipa, lakini si fedha zilizomchagua. Alichaguliwa na mchujo.

Nadhani hapo ndipo lilipo fundisho, nalo latufaa hata sisi tusiocheza sataranji. Tuna vyama vya ushirika, tuna kamati za shule, tuna mashindano ya mpira yenye kombe la tajiri fulani. Atoaye ng'ombe wa zawadi na ashukuriwe, akae mahali pa heshima. Lakini asipewe filimbi ya mwamuzi. Na chama kikiona dhiki, kisimkimbilie mwenye mfuko kabla ya kuandika kanuni na kufungua daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuandikapo kanuni, tukumbuke Capablanca: tuziandike kwa namna ambayo hata siku tutakaposhindwa, twaweza kuingia tena kwa mlango ule ule.