Nani Mwenye Ufunguo? Kaseti ya Gemu na Haki ya Kumiliki Mashine

Mtu anaponunua mashine, ananunua nini hasa? Je, ananunua plastiki na nyaya tu, au ananunua pia haki ya kuifungua, kuirekebisha na kuilisha kazi aitakayo? Leo swali hili linaulizwa juu ya simu, matrekta na mifumo ya kompyuta serikalini. Wachache wanakumbuka kwamba lilifika mahakamani zamani kwa sababu ya kitu tunachokidharau kuwa ni cha watoto, yaani kaseti ya gemu.

Mashine za kwanza za gemu za nyumbani zilikuja na michezo iliyofungiwa ndani. Ukiichoka, umeichoka na mashine yenyewe. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ya Marekani ilitoa mashine iitwayo Channel F, ambayo mchezo wake ulikaa katika kaseti ya kuchomeka na kuchomoa. Wazo la awali lilitoka katika kampuni ndogo ya Alpex, lakini aliyeongoza kikosi kilicholigeuza kuwa bidhaa ya sokoni ni Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani Mweusi katika tasnia iliyokuwa na Weusi wachache mno. Mwaka uliofuata Atari ilitoa mashine iliyokuja kujulikana kama Atari 2600, na kaseti ikaenea.

Ili kuelewa ugomvi uliofuata, inafaa kujua kaseti inavyofanya kazi. Mfano wake ni masijala. Ofisa anataja namba ya jalada, karani anamletea karatasi, basi. Ndani ya Atari 2600, kichakato hutaja namba ya anwani kupitia nyaya 13, na kaseti hujibu kwa baiti moja kupitia nyaya 8. Jambo la kuzingatia ni kwamba ofisa huyu hamuulizi karani kitambulisho. Yeyote atakayeleta jibu sahihi kwa wakati, atasikilizwa.

Huo ndio mlango wanaoupitia mafundi wa leo wanaojitengenezea kaseti za kuiga. Badala ya chipu yenye mchezo mmoja uliogandishwa kiwandani, fundi huweka kompyuta ndogo ya chipu moja, kama vile Raspberry Pi Pico, iliyoingia sokoni mwaka 2021 kwa dola 4. Kichakato cha Atari hupiga mapigo takriban milioni 1.19 kwa sekunde, na jibu lisipofika ndani ya pigo moja, picha huvurugika. Pico hupiga zaidi ya mara 100 katika muda huohuo, hivyo inawahi kusikiliza, kutafuta na kujibu. Kazi ngumu imo katika mambo madogo. Atari hutumia volti 5 na Pico volti 3.3, kwa hiyo lazima pawepo kinga kati yake. Tena mashine huona kilobaiti 4 tu kwa wakati mmoja. Michezo mikubwa ilitumia hila ya kubadilisha kurasa pale anwani fulani inapotajwa, na fundi hana budi kujifunza hila ya kila kiwanda.

Ukweli kwamba Atari haikuweka kufuli ulikuwa na matokeo ya kijamii. Watunzi wake wa programu walilipwa mshahara, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye bidhaa zilizoiingizia kampuni mamilioni. Mwaka 1979 wanne kati yao, akiwamo David Crane, waliondoka na kushiriki kuanzisha Activision, kampuni iliyotengeneza kaseti za mashine ya mwajiri wao wa zamani na kuwataja watunzi kwa majina. Atari ilishitaki, na mwaka 1982 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya kulipa mrabaha. Kuanzia hapo ikakubalika kwamba mtu mwingine anaweza kutengeneza kitu cha kuchomekwa katika mashine ya mwenzake.

Uhuru huo nao ulikuwa na gharama, na haifai kuificha. Soko lilifurika kaseti hafifu, likaporomoka mwaka 1983, na Atari ikafukia shehena ya bidhaa zake jangwani Alamogordo. Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985, ilikuja na dawa yake: chipu mbili, moja ndani ya mashine na nyingine ndani ya kaseti, ambazo zisipoafikiana mashine hujiwasha upya bila kikomo. Sasa karani alidaiwa kitambulisho, na mtoaji wa vitambulisho alikuwa mmoja tu. Waliopewa leseni walikubali kuchapisha michezo isiyozidi mitano kwa mwaka, na kaseti zilitengenezwa na Nintendo yenyewe. Kufuli lililotetewa kama ulinzi wa ubora likawa pia lango la ushuru.

Mwaka 1992 mahakama za Marekani zilitoa hukumu mbili zinazostahili kusomwa pamoja. Katika ya kwanza, Atari Games ilishindwa na Nintendo, kwa sababu ilipata maandishi ya siri ya kufuli kutoka Ofisi ya Hakimiliki kwa kudanganya kwamba inashitakiwa. Hata hivyo, mahakama ilisema kwamba kuichunguza programu ili kuielewa si kosa, mradi nakala imepatikana kwa haki. Katika ya pili, Accolade iliishinda Sega: ilichambua programu za kaseti ili michezo yake ifanye kazi kwenye mashine ya Sega, na mahakama ikaona huo ni utumizi wa haki. Kwa ufupi, sheria ilitenganisha kuelewa na kuiba. Kaseti ya kuiga inaweza kubeba mchezo ulioibwa, lakini pia inaweza kubeba mchezo mpya alioutunga mwanafunzi, au nakala ya kaseti anayoimiliki mtu na inayokaribia kufa.

Na kaseti zinakufa. Kutu hula miguu ya chipu, na betri za kuhifadhi alama huisha. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena sokoni. Mwaka 2024 Ofisi ya Hakimiliki ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwapa watafiti michezo hiyo kwa njia ya mbali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu hii inalindwa na watu binafsi wenye kikoleo cha kulehemu, wanaofanya kazi ambayo taasisi zimefungwa mikono kuifanya.

Afrika Mashariki tuliingia katika historia hii kupitia mlango usio na kufuli. Famicom, mashine ya Nintendo ya Japani ya mwaka 1983, haikuwa na chipu ile ya ulinzi, na viwanda vya Asia viliiga umbo lake kwa urahisi. Mashine hizo za kuiga zilifika Urusi, zikafika na kwetu, zikiwa na kaseti zilizojigamba kubeba michezo mamia. Watoto wengi waliishika kompyuta kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, bila ya wenye hakimiliki kujua wala kulipwa.

Funzo kwa mtumishi wa umma si dogo. Ofisi inaponunua mfumo wa kuhifadhi hati za ardhi, matokeo ya mitihani au kumbukumbu za wagonjwa, haina budi kuuliza maswali yaleyale: Data imeandikwa kwa muundo gani? Je, fundi wetu anaruhusiwa kuusoma? Kampuni ikifilisika baada ya miaka 20, nani atajibu anwani itakapotajwa? Kaseti za Atari zinasomeka leo, karibu nusu karne baadaye, kwa sababu lugha yake ilikuwa rahisi na mlango wake haukufungwa. Kumbukumbu za taifa hazistahili ulinzi hafifu kuliko huo, na mahali pa kuudai ni kwenye mkataba, kabla haujatiwa saini.