Mwalimu Mmoja, Watoto Mia: Elimu ya Msingi kwa Wote nchini Uganda

Mwaka 1997 unakumbukwa kwa furaha katika historia ya shule za Uganda. Mwezi wa Januari mwaka huo, shule za msingi zilifunguliwa kwa watoto ambao wazazi wao hawakuweza kulipa ada. Mwaka uliotangulia wanafunzi walikuwa karibu milioni 3. Mwaka huo mmoja tu wakapita milioni 5. Mara nyingi habari hii huelezwa kwa upande wa serikali iliyotoa amri, au kwa upande wa watoto waliofaidika. Katika insha hii nitaieleza kwa upande wa mtu aliyesimama mbele ya watoto hao, yaani mwalimu.

Kwanza tuangalie hali ilivyokuwa kabla. Shule za kizungu zililetwa Buganda na wamisionari, Waprotestanti waliofika mwaka 1877 na Wakatoliki waliofika mwaka 1879. Tangu siku za ukoloni, kusoma kulikuwa jambo la kulipia. Baada ya uhuru wa 1962 serikali ilikazania shule za sekondari, kwa sababu nchi ilihitaji haraka makarani, wauguzi, wahandisi na walimu. Halafu ulikuja utawala wa Idi Amin kuanzia 1971. Uchumi ulianguka na mshahara wa mwalimu ukapoteza thamani. Katika miaka ya 1980 shule nyingi ziliendeshwa kwa michango ya wazazi. Wazazi walijenga madarasa, walinunua chaki, na walimwongezea mwalimu kitu kidogo juu ya mshahara wake. Msomaji akumbuke posho hiyo, kwa maana nitairudia.

Mwaka 1987 serikali iliunda tume ya kuchunguza elimu, na mwenyekiti wake alikuwa Profesa Senteza Kajubi. Tume ilitoa ripoti mwaka 1989 na kushauri kwamba watoto wote wasome shule ya msingi. Serikali ilikubali katika waraka wake wa mwaka 1992, lakini mpango ulikuwa kwenda hatua kwa hatua, ili madarasa na walimu waandaliwe. Mwaka 1996 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Rais Museveni aliahidi kwamba watoto wanne wa kila familia watasoma bila ada. Alishinda, na miezi michache baadaye ahadi ikaanza kutekelezwa. Kazi iliyopangwa kuchukua miaka mingi ikaanza kwa siku moja. Wahenga walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Kwa upande wetu, Mnyamwezi alikuwa mwalimu.

Sasa tuingie darasani. Mwalimu wa darasa la kwanza aliyezoea watoto 40 alikuta mia moja au zaidi. Wengine walikuwa na miaka sita, wengine kumi na mitatu, kwa sababu waliokosa shule zamani walikuja pia. Wote walianza na herufi ileile. Madawati hayakutosha, wakakaa chini. Madarasa hayakutosha, wakasomea chini ya mwembe, na mvua ikinyesha somo lilikwisha. Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa mwalimu anasahihisha daftari moja kwa dakika moja, madaftari 100 yanataka saa moja na dakika arobaini. Hilo ni somo moja. Kwa masomo manne ni zaidi ya saa sita, baada ya kufundisha mchana kutwa, na kama giza limeingia atasahihisha kwa taa ya mafuta. Ndiyo sababu walimu wengi walipunguza mazoezi ya kuandika. Wakaguzi waliona uvivu, lakini hesabu inaonyesha jambo jingine.

Fedha nazo zilikuwa chache. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu, na shilingi 8,100 kwa wa darasa la nne mpaka la saba. Kiasi hicho kilikuwa cha mwaka mzima. Tena fedha za shule zilikuwa na historia mbaya. Uchunguzi wa shule 250 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotoka serikalini. Nyingine ziliishia njiani. Baadaye serikali ilianza kutangaza kiasi hicho katika magazeti na kwenye mbao za matangazo, na hali ikawa nzuri zaidi. Lakini ile posho ya wazazi niliyoitaja ilikatazwa katika shule za vijijini, kwa sababu elimu sasa ilikuwa bure. Kwa hiyo mwalimu wa kijijini aliongezewa watoto na kupunguziwa kipato katika muhula uleule.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Majirani zetu wa Tanzania walipita njia hii kabla yetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza watoto wote waingie shule kufikia 1977. Tanzania ilitafuta walimu kwanza: makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha vijijini, kwa masomo ya redio na ya posta. Njia hiyo ilipata walimu, lakini walikuwa vijana wenye elimu ndogo, na lawama za kushuka kwa elimu ziliwaangukia wao. Hivyo Uganda ilikuwa na watoto wengi kwa mwalimu mmoja, na Tanzania ilikuwa na walimu wengi wasioiva. Katika nchi zote mbili, pengo kati ya tangazo na darasa lilizibwa na mwalimu.

Alilizibaje? Alihesabisha watoto kwa vizibo vya soda na vijiti. Alichukua gunia la unga, akalipaka uji wa muhogo, na likikauka akachora juu yake ramani ya Uganda. Aliwagawa watoto katika makundi, mwenye kuelewa akamsaidia asiyeelewa. Na alipochoka alisema. Mwezi wa Septemba 2013 walimu waligoma nchi nzima wakidai nyongeza ya asilimia 20. Wengi waliwalaumu kwa kuwaacha watoto. Wachache waliuliza watoto hao walikuwa wamebebwa na nani miaka yote ile.

Kwa kumalizia, sisemi kwamba ilikuwa vibaya kufungua shule mwaka 1997. Wasichana wengi na watoto wengi wa maskini wasingejua kusoma bila uamuzi ule. Ninasema kwamba elimu ile haikuwa bure kamwe. Ada iliyoondolewa kwa mzazi ililipwa na mwalimu, kwa usiku wake, sauti yake na mfuko wake. Serikali itakayotangaza tena jambo kubwa namna hii ihesabu walimu kwanza, kisha ihesabu watoto.