Nyotamkia ya Bawabu wa Marseille

Tarehe 26 Novemba 1818, Jean-Louis Pons aliona doa hafifu la ukungu angani akiwa katika kituo cha kutazamia nyota cha Marseille, kusini mwa Ufaransa. Pons alianza kazi hapo mwaka 1789 akiwa bawabu. Elimu ya darasani alikuwa nayo kidogo. Utaalamu wa darubini aliupata palepale kazini, na baadhi ya darubini alijiundia mwenyewe. Hadi anafariki mwaka 1831 alikuwa amegundua nyotamkia zaidi ya 30, na kwa ugunduzi wa jicho kwenye darubini hajatokea wa kumfikia hadi leo.

Doa lile lilikuwa limeshaonekana mara tatu, na kila mara liliandikwa kuwa nyotamkia mpya. Mwanaastronomia Pierre Méchain aliliona Paris Januari 1786, akaambulia vipimo vya siku mbili tu. Havikutosha. Ili kuikokotoa njia ya kitu kinachozunguka Jua, lazima ujue kilikuwa wapi angani angalau mara tatu, tena kwa siku zilizoachana vya kutosha. Novemba 1795 akaliona Caroline Herschel huko Uingereza, mwanamke ambaye mfalme alimlipa pauni 50 kwa mwaka kwa kazi ya anga. Mwaka 1805 Pons mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioliona, asijue kwamba wangekutana tena.

Safari hii ya nne nyotamkia iliandamwa hadi Januari 1819. Vipimo vikafika Seeberg, karibu na Gotha, Ujerumani, kwa Johann Franz Encke, kijana wa miaka 27 aliyefundishwa na mwanahisabati Gauss. Desturi ilikuwa kuichukulia nyotamkia kama kitu kinachopita karibu na Jua mara moja kisha kikapotea. Namba zilikataa katakata. Encke alipojaribu duaradufu, zikakubali, na jibu likawashangaza wengi: inamaliza mzunguko kwa miaka 3.3 tu! Nyotamkia pekee iliyokuwa imetabiriwa kurudi na ikarudi kweli, ile ya Halley, huchukua miaka kama 76. Encke akarudi nyuma kwa kalamu na karatasi, akihesabu jinsi sayari zinavyoivuta, hasa Mshtarii, mpaka akazifikia 1805, 1795 na 1786. Wageni wote wanne walikuwa mmoja.

Akatabiri kwamba ingelikaribia Jua tena Mei 1822. Safari hiyo watu wa Ulaya hawakuwa mahali pazuri pa kuiona. Aliyeipata ni Carl Rümker, tarehe 2 Juni, huko Parramatta karibu na Sydney, Australia, pale hesabu zilipoelekeza.

Ulimwengu ukaipa jina la Encke. Mwenyewe hakulipenda, aliendelea kuiita nyotamkia ya Pons. Kwangu mimi, heshima hiyo kwa bawabu wa zamani inamtukuza Encke kuliko hesabu zake, ingawa bila hesabu hizo tungekuwa na majina manne ya kitu kimoja.

Njia ya nyotamkia hiyo huifikisha kiasi cha kilomita milioni 50 kutoka kwenye Jua, kisha huenda mbali hadi kilomita milioni 600 na ushei, bila kuufikia mzingo wa Mshtarii. Lakini Encke aligundua jambo jingine: kila mzunguko ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia, kwa takriban saa mbili na nusu. Alidhani kuna gesi nyepesi angani inayoikwaza. Maelezo yanayokubalika yalitolewa na Mmarekani Fred Whipple mwaka 1950: kiini cha nyotamkia ni barafu iliyochanganyika na vumbi. Jua likiipasha, mvuke hufoka upande mmoja na kukisukuma kiini upande wa pili, kama roketi. Kwa kuwa kiini kinajizungusha, msukumo hauelekei sawasawa mbali na Jua, na mwendo wake hubadilika kidogo kidogo.

Vumbi linaloachwa njiani linahusishwa na vimondo vinavyoonekana kila mwaka Oktoba na Novemba, vikitokea upande wa kundinyota la Ng'ombe. Nyotamkia yenyewe italikaribia Jua tena Februari 2027.