Mahakama za Jinai Marekani: Mamlaka Mbili Juu ya Mshtakiwa Mmoja

Mfumo wa mahakama haushuki kutoka mbinguni. Huundwa na watu, katika wakati fulani, ili kulinda masilahi fulani. Marekani inatupa mfano ulio wazi. Huko mtu anaweza kushtakiwa mara mbili kwa tendo moja: kwanza na jimbo, kisha na serikali ya shirikisho. Mahakama ya Juu ilithibitisha tena kanuni hiyo mwaka 2019. Ili tuielewe, hatuna budi kurudi nyuma.

Chimbuko

Wajumbe waliotunga Katiba mjini Philadelphia mwaka 1787 wengi wao walikuwa watu wa mali: wafanyabiashara, mawakili, na mabwana wa mashamba na watumwa. Walitaka serikali kuu yenye nguvu. Lakini majimbo hayakuwa tayari kunyang'anywa mahakama zao, na yale ya kusini yalikuwa na utumwa wa kuulinda. Ikabidi wapatane. Katiba ilitaja Mahakama ya Juu moja tu, ikaliachia Bunge suala la mahakama za chini. Mwaka 1789 Bunge liliunda mahakama za wilaya 13 za shirikisho. Zile za majimbo zikabaki kama zilivyokuwa.

Muundo

Hadi leo safu hizo mbili zinakwenda sambamba. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina sheria zake za jinai na mahakama zake. Mauaji, wizi na ubakaji kwa kawaida huamuliwa huko, na huko ndiko kesi nyingi mno za jinai zinakosikilizwa. Shirikisho hushughulikia makosa kama noti bandia, kukwepa kodi zake, na uhalifu unaovuka mipaka ya majimbo. Lina wilaya 94, mahakama 12 za rufaa za kanda, na juu yake Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Majaji wa shirikisho huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hushika kazi maisha. Katika majimbo mengi majaji huomba kura.

Nani alinufaika?

Hapa ndipo penye kiini cha suala letu. Baada ya vita vya 1861-1865, Marekebisho ya 14 ya Katiba yaliwaahidi watu weusi ulinzi sawa wa sheria. Mwaka 1873 kundi la wazungu wenye silaha liliwaua watu weusi wengi huko Colfax, Louisiana. Mahakama ya shirikisho iliwatia hatiani watatu tu. Mwaka 1876 Mahakama ya Juu iliwafutia hatia hata hao, ikisema kwamba Marekebisho hayo yanazuia majimbo, si watu binafsi. Waliobaki hai wakaambiwa, kwa maneno mengine, watafute haki kwa jimbo lile lile lililoshindwa kuwalinda.

Matunda yake yalionekana Scottsboro, Alabama, mwaka 1931. Vijana tisa weusi walishtakiwa kwa ubakaji ambao haukutendeka. Katika siku chache tu, mbele ya juri la wazungu watupu, wanane walihukumiwa kifo. Kampeni kubwa, ambayo Wakomunisti walikuwa mstari wa mbele, iliifikisha kesi hiyo Washington. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hizo kwa kuwa vijana hawakupewa wakili wa kweli. Mwaka 1935 ikalaani desturi ya kuwaondoa watu weusi katika juri. Hata hivyo Alabama iliwashtaki tena, na baadhi yao walikaa gerezani miaka mingi.

Mwaka 1992 juri la jimbo la California halikumtia hatiani hata mmoja wa polisi wanne waliompiga Rodney King. Los Angeles ikawaka moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mwaka 1993 mahakama ya shirikisho iliwatia hatiani wawili kati yao.

Hitimisho

Tunajifunza nini? Mamlaka ya pili ilikuwa mlango wa haki, lakini ilifunguka pale tu umma ulipousukuma kwa nguvu. Bila msukumo huo, mgawanyo ule ule uliwapa wenye madaraka mahali pa kujificha. Kwa hiyo tunapochambua mahakama za nchi yoyote, tusiishie kuhesabu ngazi zake. Tuulize: nani anamweka jaji? Nani anakaa katika juri? Na mnyonge akidhulumiwa, akate rufaa wapi?