Picha za familia ku mupaka wa Uvira na Burundi: zinapotea namna gani, na zinaweza kuokolewa vipi

Ukiingia mu nyumba ya familia ya zamani huku Uvira, iwe Kimanga, Mulongwe ao Kalundu, mara nyingi utakuta picha moja ku ukuta wa saloni: baba na mama siku ya ndoa yao, ao mutoto mwenye nguo nyeupe za komunio ya kwanza. Ukiuliza zingine ziko wapi, jibu linafanana karibu kila nyumba. Zingine zilibaki mu vita. Zingine maji yalizibeba. Zingine ziko kwa shangazi Bujumbura, ao kwa kaka mu kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na hakuna anayejua kama zingali.

Kutoka Uvira mupaka Bujumbura ni chini ya kilometa 30. Unapita bariera ya Kavimvira, unafika Gatumba, kisha muji unaanza. Ule mupaka, Wabelgiji na Wajerumani waliupatana mu mukataba wa 1910, lakini watu wa pande zote mbili za muto Ruzizi waliendelea kuoana, kuuziana samaki na kulima. Kisha vita ikaanza kuwasukuma. Mu 1972 na mu 1993 Warundi walikimbilia huku. Mu 1996 ni watu wa Uvira na Fizi waliokimbia, wengine Burundi, wengine kwa mitumbwi mupaka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa ule mwaka kwa ajili yao. Mu 2015 Warundi wakaja tena, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa mu teritwari ya Fizi. Februari 2025 mambo yakageuka: maelfu ya watu wa plaine ya Ruzizi na Uvira walivuka muto, wengi wakapokelewa kwanza mu uwanja wa mupira wa Rugombo.

Mutu anayekimbia usiku anabeba watoto, sufuria, na kama ana akili ya haraka, mfuko wa makaratasi. Albamu ni nzito. Inabaki chini ya kitanda, na mwenye kuingia nyuma kupora hana kazi nayo. Anaimwaga chini ili achukue sanduku. Na hata waliofika salama wamepoteza. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya wakimbizi Wakongomani pale Gatumba ilishambuliwa na watu zaidi ya 150 wakauawa, wengi wao Wanyamulenge, na mahema yakachomwa moto. Kwa jamaa za waliokufa mule, picha iliyobaki kwa ndugu wa mbali ina uzito wa pekee.

Picha zenyewe zilifika vipi mu nyumba zetu? Wakati wa ukoloni, picha nyingi za Kongo zilipigwa na wageni ao na idara ya habari ya serikali, na leo sehemu kubwa iko mu jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Ukizitazama, mara nyingi utaona chini yake jina la kabila ao la kazi, si jina la mutu. Mukongomani Joseph Makula aliingia mu idara ile ya picha mu 1956, na baadaye akafungua studio yake Kinshasa. Picha za familia ni kitu kingine. Pale ni mwenyewe aliyevaa vizuri, akalipa, akachagua kusimama namna gani. Studio ilikuwa na rido, maua ya plastiki, redio ao telefoni ya kushika mukononi hata kama haifanye kazi. Kisha wakaja wapiga picha wa kutembea, wenye kukungojea ku mulango wa kanisa ao ku sherehe ya diploma. Filme ilikuwa na pozi 24 ao 36, na fotografe hakuipeleka kusafisha mupaka pozi ziishe. Watu waliweza kungoja picha ya ndoa wiki tatu, na kama fotografe alihama, basi.

Kwa hiyo negatifu zilibaki kwake, si kwa familia. Hili jambo watu wanalisahau. Wanatafuta picha kwa ndugu wote, na hawaendi kuuliza kwa watoto wa fotografe aliyekufa, wakati labda mule nyumbani mwake kuna karto nzima ya negatifu zenye nusu ya kartie ndani.

Adui wa kwanza wa picha huku kwetu, ukitoa vita, ni maji. Aprili 2020 muto Mulongwe ulitoka mu njia yake na kuharibu maelfu ya nyumba mu Uvira. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda ile miaka, likaingia mu nyumba za Kavimvira na Gatumba. Picha iliyolowa haijakufa papo hapo. Juu ya karatasi kuna utando mwembamba wa jelatini wenye kubeba sura. Ukilowa unakuwa laini, ukikauka unashikana na picha ya pembeni kama gundi. Kosa kubwa ni kuzibandua kwa nguvu zikisha kukauka. Zikiwa bado na maji, zitie mu beseni ya maji safi ya baridi, ziachane polepole zenyewe, kisha uzianike mu kivuli, upande wa sura juu, bila kuzipangusa. Jua kali linazikunja na kuzipausha. Zile zilizoshikana na kioo cha kadre, usiziguse: zipige picha na telefoni kupitia kioo hicho hicho.

Kuna pia wakati wenyewe. Picha za rangi za miaka ya 1980 na 1990 nyingi zinageuka nyekundu ao manjano, wakati zile za mweupe na mweusi za wazee, kama zilisafishwa vizuri, bado zinaonekana wazi. Ndiyo maana mu albamu moja unaweza kumuona babu vizuri kuliko mujukuu. Albamu zenye karatasi ya gundi na plastiki juu, zile zilizopendwa sana mu sherehe za ndoa, gundi yake inakula picha polepole. Bahasha ya karatasi kavu ni bora, hata kama haipendezi.

Lakini mbona kusumbuka? Watu wengine wanaona ni mambo ya kujifurahisha. Hapa mupakani si hivyo. Kwa miaka mingi inchi yetu haikutoa karte ya utambulisho ya kitaifa. Karte ya uchaguzi ndiyo inashika ile fasi, ku bariera, ku banki, pote. Na karte zilizotolewa wakati wa kuandikisha wachaguzi mu 2022 na 2023, nyingi zilifutika haraka, uso na maandishi vyote, mupaka watu wakarudi ku CENI kuomba duplikata. Akte ya kuzaliwa nayo, sheria inasema mutoto aandikishwe ndani ya siku 90. Akipitisha, inahitaji hukumu ya tribinali, na wengi hawajawahi kwenda. Familia yenye kuishi hivyo, bila makaratasi, kisha ikagawanyika kati ya inchi tatu, itaonyesha vipi kama huyu ni ndugu wa yule?

Picha haichukui nafasi ya akte, na musidanganywe na mutu mwenye kuwaambia kinyume. Lakini mu faili za kuunganisha familia, kwa wale wenye ndugu waliohamishwa kutoka kambi kwenda Canada ao Marekani, picha za miaka mbalimbali zenye kuonyesha watu wale wale pamoja zinaweza kusaidia kueleza undugu pale karatasi hazipo. Picha kumi za siku moja hazisaidii sana. Bora moja ya ubatizo, moja ya matanga, moja ya masomo, zenye miaka kupita kati yake.

Na kuna watoto waliopatikana kwa sababu ya picha. Baada ya 1994, watoto wengi sana walipotezana na wazazi mu Rwanda na mu kambi za Goma na Bukavu. Msalaba Mwekundu, UNICEF na mashirika mengine walipiga picha za maelfu yao, wakazionyesha mu kambi na mu vijiji ili wazazi wawatambue. Mutoto wa miaka miwili hajui jina la kartie yake wala la baba yake. Uso wake ndio karatasi pekee aliyobeba. Leo Msalaba Mwekundu unaendelea na kazi ya kutafuta jamaa, na tangu 2013 kuna ukurasa wake wa intaneti, Trace the Face, wenye picha za watu waliofika Ulaya wakitafuta ndugu zao.

Picha inaweza pia kuleta hatari, na hapa lazima kusema wazi. Wakati wa vita, telefoni zinapekuliwa ku bariera. Picha ya kaka mwenye kuvaa nguo za kijeshi, hata kama ni ya zamani, hata kama ni ya mchezo wa kuigiza masomoni, inaweza kumuweka mutu mu shida kubwa. Na ku mitandao, picha ya familia moja inaweza kuchukuliwa na kuandikwa uongo juu yake, ati hawa ndio waliofanya kile. Kwa hiyo picha za familia si za kumwaga ku Facebook. Zipatie watu unaowajua. Na mbele ya kutuma picha ya mutu aliye hai, muulize.

Namna rahisi ya kuanza haiombe feza nyingi. Weka picha juu ya meza karibu na dirisha, mu kivuli, bila flashi, simama juu yake sawasawa, piga na telefoni. Mu papeteri wanaskane pia. Omba doti 600 kwa picha ndogo, kwa kuwa 300 inatosha tu kama hutaikuza. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa na haitafaa kuchapishwa tena. Itume kama dokima. Kisha ihifadhi mu fasi mbili zisizo mu nyumba moja, na kwa familia ya mupakani hii ni faida ambayo wengine hawana: flashi moja Uvira, moja kwa dada Bujumbura. Muto Mulongwe ukipanda, haufike kwake.

Kazi ngumu si ya mashine, ni ya majina. Picha ya watu saba bila jina hata moja, baada ya miaka ishirini ni picha ya wageni. Kaa na mama mukubwa ao muzee wa familia, umupatie picha moja moja, uweke telefoni irekodi anavyosema: nani, mutoto wa nani, mwaka gani, nyuma ni nyumba ya nani. Usimuharakishe. Atasema pia mambo ambayo hukuuliza, kama kwa nini yule wa pembeni alikatwa na mkasi. Kisha andika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, kidogo kidogo, ku ukingo. Biki inapenya na kuchafua upande wa pili.

Mu familia nyingi, siku ya kutafuta picha ni siku ya kifo. Matanga yanaanza, kijana anatumwa ku papeteri na karte ya uchaguzi ya marehemu, ndiyo picha pekee iliyopatikana, wanaikuza ili iwekwe juu ya sanduku. Inatoka ya kijivu, yenye doti, na alama ya muhuri inapita ku shavu. Waombolezaji wanaipita wakiinamisha kichwa, na kuna wenye kuuliza pembeni kama ni yeye kweli.